Aliyerudi Si Mei-kuen

Sheung Shui, 6 Novemba 1972

Fai mume wangu,

Barua hii naiandika kwa kalamu ya nyusi, kwa hiyo usishangae ikikuchafua vidole. Kalamu zangu mbili mama yako amezifungia kwenye kabati la mchele siku ile ile tuliyofika. Anasema mzazi akiandika au akisoma kabla mwezi wa uzazi haujaisha, macho yatamfia akifika miaka hamsini. Akiosha nywele, upepo utamwingia kichwani. Akilia, ni macho tena. Leo ni siku ya sita na kichwa kinaniwasha vibaya. Nimekula miguu ya nguruwe kwa siki na tangawizi mpaka jasho langu linanuka siki. Mtoto hajambo, ananyonya kama anayedai haki yake. Mama alimtazama akasema, "Msichana, lakini ana mapafu." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Sasa nisikilize. Mtoto kaja wiki tatu kabla ya siku zake, na akiba ya "Mke wa Ghorofa ya Saba" niliyomwachia Poon itaisha tarehe tisa. Safu yangu ya maoni ina akiba ya mwezi mzima, maana maoni hayaozi. Hadithi ndiyo imekatika, na imekatika pabaya: Mei-kuen ameacha funguo mezani, amefunga mlango, na mumewe mwalimu Hui anakunywa supu bila kujua kwamba ameachwa.

Nenda Wan Chai, umwambie Poon aache mraba wangu mtupu. Najua pale gazetini wanaita kufungua dirisha, na mhariri anayefungua dirisha huona haya kama aliyetoka nje bila suruali. Avumilie. Aweke mstari mmoja tu: Sek Lau amejifungua, atarudi Desemba. Wasomaji wangu wengi ni wazazi, wataelewa.

Usimruhusu aweke mtu. Unayajua magazeti yetu: mwandishi akiugua kidogo, kalamu hupewa mtu wa kuazima, na jina la juu linabaki lile lile. Miaka kumi na moja na vitabu ishirini na viwili, sijakubali hata mara moja. Kila sentensi iliyo chini ya jina Sek Lau nimeiandika mimi, nzuri na mbaya. Hiyo ndiyo mali niliyo nayo, nakuomba uilinde.

Mkeo,
Yuet-sim


North Point, 9 Novemba

Sim mke wangu,

Nimekwenda kwa Bwana Poon. Usiwe na wasiwasi, jambo lako limeshughulikiwa. Wewe kula, lala, umsikilize mama. Akikuzuia gazeti, mwache akuzuie, macho hayanunuliwi dukani.

Huku ni shule na nyumbani. Leo alasiri katika chumba cha walimu, Tsang wa hesabu aliniuliza mbele ya wote kama supu ilikuwa tamu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ningefanya nini? Kila mtu anajua mke wangu ni Sek Lau, na kila mtu anajua Hui ni mwalimu mwenye shingo nyembamba. Nimeshawaambia mara mia kwamba ni hadithi. Wanasema, "Ndiyo, mwalimu, ni hadithi," na wanaitazama shingo yangu.

Nimesafisha meza yako. Karatasi sikuzigusa.

Mumeo,
Ting-fai


Sheung Shui, 18 Novemba

Fai,

Umeshughulikia nini? Leo asubuhi mama yako kaniletea supu yenye mayai mawili badala ya moja, akaketi kitandani kwangu. Miaka sita niko katika ukoo huu na hajawahi kuketi kitandani kwangu. Akanishika mkono, akaniambia nimeandika vizuri.

Nilidhani homa imempanda. Kumbe kila alasiri Shangazi Fong wa nyumba ya pili humsomea hadithi yangu barazani. Mimi sikulijua hilo. Miaka yote ananiambia kuandika ni kazi ya watu wasio na la kufanya, na kumbe hajakosa siku. "Mei-kuen amerudi nyumbani," akasema. "Jana. Amepiga magoti akamwomba mumewe msamaha. Nilijua, ukishazaa utapata akili."

Ile supu niliiweka chini. Nikaomba nione gazeti. Akakataa, macho. Lakini tangawizi ya jioni ililetwa imefungwa kwenye gazeti la jana, na nikalikunjua juu ya magoti yangu. Jina langu liko pale pale juu. Chini yake kuna mtu nisiyemjua.

Nani huyu? Mei-kuen anasema samahani mara nne katika mraba mmoja. Mimi nimemwandika kwa zaidi ya siku mia mbili, hajaisema hata mara moja. Anaosha mchele kwa maji ya moto. Ni mwanamume huyu, Fai, na hajawahi kuingia jikoni ila kuuliza chakula kiko wapi. Mwoga mwenye sentensi ndefu. Anaandika kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda haja. Na mimi nimevikwa kilemba cha ukoka na mama mkwe kwa kazi ya bwege huyo.

Ndani ya barua hii kuna safu fupi. Mpe Poon aichape kesho kutwa mahali pa safu yangu. Inasema kwamba tangu tarehe kumi, hadithi iliyo chini ya jina langu si yangu. Na unitafutie jina la huyo mtu. Ndugu wa Poon? Mlevi gani wa gazetini? Nataka nilijue kabla sijashuka kitanda hiki.

Yuet-sim


North Point, 20 Novemba

Sim,

Safu nimeifikisha. Bwana Poon anaifikiria.

Kuhusu huyo mtu, yeye hataki kumtaja. Nadhani hana nia mbaya. Labda aliona Mei-kuen atakaa peke yake barabarani kwa wiki tatu, na mumewe naye kaachwa na bakuli mkononi, akawaonea huruma wote wawili. Si kila anayemrudisha mke nyumbani ni mwoga. Labda naye ana kwake, na anajua nyumba ikinyamaza inakuwaje.

Bwana Poon anasema wasomaji wamefurahi. Barua zimejaa mfuko.

Usijitie hasira, maziwa yatakauka. Mtoto amefungua macho vizuri? Jumapili nilitaka kuja, lakini nina madaftari ya kusahihisha.

Ting-fai


Sheung Shui, 22 Novemba

Fai,

Mayai mawili yana faida zake. Mama yako, kwa kuwa sasa anaipenda hadithi, amekubali Shangazi Fong asimame mlangoni kwangu anisomee yote tangu tarehe kumi. Macho yangu yalikuwa yamefumbwa, masikio hayana mwiko.

Nilisikiliza kwa meno yaliyokazana mpaka sehemu ya jana. Pale mwalimu Hui anasimulia jinsi alivyokuwa akikaa ngazini kila jioni kabla ya kuingia kwake. Anakaa kati ya ghorofa ya nne na ya tano, karibu na paka wa mkia uliokatika, na anasikiliza cherehani ya mkewe juu. Haingii, kwa sababu siku zote akifungua mlango cherehani hunyamaza, na mkewe humtazama kama aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Hui anaishi ghorofa ya saba, Fai. Jina la hadithi linasema hivyo. Na jengo lao lina lifti. Mtu wa ghorofa ya saba anafanya nini chini ya ghorofa ya tano? Ghorofa ya tano tunaishi sisi. Paka yule ni wa mwenye nyumba wetu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nami nilikuwa nakitumia salamu na barua za kumpelekea Poon.

Nilimwambia Shangazi Fong arudie kusoma. Nililia, na mama yako alipiga kelele kuhusu macho. Sikujua kwamba unakaa ngazini. Ungeniambia, ningekusikiliza, au tungegombana, na ugomvi nao ni mazungumzo. Ukurasa ule ni mzuri. Umeuandika kwa damu yako, na ndiyo sababu siutaki chini ya jina langu hata siku moja.

Mimi sikukuandika wewe, hata kina Tsang wakikucheka. Hui nilimwokota kwa walimu watatu, mmoja wao alinifundisha mimi. Lakini wewe umejiandika, halafu ukanitia sahihi mimi. Umemchukua mwanamke niliyemjenga kwa siku mia mbili, ukampigisha magoti ili uombwe msamaha ambao hukuthubutu kuniomba mimi mdomoni. Mke wako hajakukimbia, Fai. Alikuwa amelala kwa mama yako, anamnyonyesha mtoto wako.

Mama yako ameuliza nalilia nini, nikamwambia kwamba aliyeandika ni mwanawe. Kisha akasema, "Fai? Huyo hajui hata mchele unaoshwaje." Akaenda kwenye kabati, akanirudishia kalamu moja. Ya pili ameizuia mpaka mwezi uishe. Unaona naandika kwa wino.

Usiandike neno lingine. Hata moja.

Yuet-sim


Wan Chai, 23 Novemba

Kwa Bibi Sek Lau, mwandishi wetu mpendwa,

Pokea pongezi za ukurasa mzima kwa kujifungua salama.

Safu yako nimeisoma. Haiwezi kuchapwa. Gazeti likikiri kwamba jina la juu si la mwandishi wa chini, kesho wasomaji watauliza na majina mengine, na wewe unajua kuna majina mangapi kwenye ukurasa ule. Tuwe watu wazima, dada. Mwalimu Mok, mume wako, alikuja mwenyewe, akasema anaishi nawe, anajua unavyonena, na hakutaka jina. Nilidhani mmekubaliana.

Tena sifa zote ni zako. Tangu Mei-kuen arudi, akina mama wanaandika kwa furaha, hata wanaume wameanza kusoma. Nakushauri ukirudi uendelee na mkondo huu. Umekuwa mkali muda mrefu, na sasa wewe ni mama. Ukikataa, itanibidi nitafute mwingine wa kushika kalamu, maana mraba mtupu mimi sifungui. Nimekaa kiti hiki miaka kumi na miwili na sijafungua dirisha hata moja.

Wako katika wino,
Poon Hok-yiu


Sheung Shui, 24 Novemba

Bwana Poon,

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilipokuletea hadithi yangu ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa, ukanijibu "Mpendwa Bwana Sek Lau", kwa sababu hukuamini msichana anaweza kuandika ugomvi wa namna ile. Nikakuacha uamini hivyo miezi minne. Sasa unaniambia nimekuwa mama, nilainike. Nimechanika na kushonwa, Bwana Poon. Sijawahi kuwa mkali kama sasa.

Hadithi ni yangu. Mei-kuen ni wangu. Ataondoka kwa Hui kwa sababu aliondoka, na hakuna mtu atakayemrudisha ila mimi, nami sina mpango huo. Chapa tangazo kwamba sehemu kumi na tano si zangu, na umtaje aliyeziandika kwa jina lake kamili. Bila hilo, nirudishie safu zote zilizobaki. Utakuwa na madirisha mawili badala ya moja, na baridi ya Desemba itakuingia vizuri.

Ukiweka mtu wa tatu, nitakwenda kwenye gazeti la jirani yako na kumwendeleza Mei-kuen huko siku hiyo hiyo. Wasomaji watachagua nani wa kweli.

Sek Lau


North Point, 26 Novemba

Sim,

Sijaandika neno. Jana mraba wa hadithi ulijazwa tangazo la mafuta ya nywele. Poon ananitafuta mpaka shuleni, na mimi nampita kwa mlango wa nyuma.

Sina utetezi. Nilijiambia naokoa mraba wako. Kisha nilipokaa mezani kwako na kuona Hui anafanya nitakalo, nikalewa. Mei-kuen aliposema samahani, nilijisikia mrefu. Siku ya pili nikamwandikia nyingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na naona haya kukueleza.

Kuna jambo baya zaidi. Poon alinipa mfuko wa barua za wasomaji nikuletee. Nilizisoma kutafuta sifa. Moja nimeificha kwenye mfuko wa koti siku nne. Nakuletea kama ilivyo.

Ting-fai

[Barua iliyofungwa ndani]

San Po Kong, 20 Novemba

Mwandishi Sek Lau, kwa heshima,

Naitwa Ng Choi-ha, nashona nywele za bandia kiwandani. Tuko wanane kwenye meza yetu, na wakati wa chakula mimi ndiye msomaji, wengine wanakula huku wananisikiliza. Mei-kuen alipoacha funguo mezani tarehe tisa, meza nzima tuliacha kula. Tarehe kumi na moja na mimi niliacha zangu. Mume wangu ana ngumi nzito, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba funguo zinaweza kuachwa tu hivyo, mtu akatoka.

Sasa nalala kwa dada yangu. Ijumaa Mei-kuen amerudi na kupiga magoti. Sikuweza kuwasomea wenzangu, nilisema koo linaniuma. Mama yangu amekuja na gazeti mkononi. Anasema, unaona, hata Sek Lau amefikiri upya. Jumapili ya tarehe tatu mume wangu atakuja kunichukua, na mama amekwisha kumkubalia.

Nataka kukuuliza kitu kimoja. Ni kweli umefikiri upya?

Ng Choi-ha


Sheung Shui, 28 Novemba

Choi-ha, mdogo wangu,

Sijafikiri upya. Aliyerudi si Mei-kuen. Nilikuwa kitandani na mtoto, na mtu mwingine akashika kalamu chini ya jina langu. Mimi nilikuwa na wajibu wa kulilinda jina hilo, na nikamwachia mtu alilinde badala yangu, kwa hiyo nakuomba radhi. Hii ndiyo samahani ya kweli katika hadithi hii, nyingine zote ni za uongo.

Hui hajawahi kumpiga Mei-kuen hata kofi, na bado aliondoka. Wewe una sababu nzito kumshinda. Usirudi. Onyesha mama yako barua hii, na kama hajui kusoma, wasomee yeye na mumeo kwa sauti ile ile ya mezani.

Sek Lau, kwa mkono wangu mwenyewe


North Point, 30 Novemba

Sim,

Limechapwa jana. Nakueleza lilivyochapwa kabla hujasikia kwa watu.

Jumanne nilimpelekea Poon tangazo nililoliandika mwenyewe. Akalisoma, akalitia mfukoni, akaniambia niende nikafundishe. Akaniambia kesho yake anaanza mtu mpya. Nikashuka chini kwa wapanga herufi. Mzee Ngau alikuwa ameshika karatasi za huyo mtu mpya. Nikamwambia mimi ni nani na nimefanya nini. Hakushangaa.

"Miaka kumi na moja napanga mwandiko wa mkeo," akasema. "Hakuna mwingine humu anayeweza kuusoma. Tarehe kumi zililetwa karatasi, nikajua si yeye. Zilikuwa zinasomeka."

Akaziweka chini karatasi za mtu mpya, akasema macho yake leo hayazioni. Wenzake wanne nao macho yakawauma. Mimi nikasimama pale na wino kwenye mkono wa shati mpaka Poon aliposhuka. Walitazamana. Gazeti la jioni lazima liingie mtamboni kabla ya saa saba mchana, na ilikuwa imebaki nusu saa. Poon akaitoa karatasi yangu mfukoni, akampa Mzee Ngau, akapanda ngazi. Hawakuwahi toleo la siku ile, ila la jana lilitoka nalo. Hili hapa:

"Sehemu za hadithi 'Mke wa Ghorofa ya Saba' zilizochapwa kuanzia tarehe 10 hadi 24 hazikuandikwa na Sek Lau, wala hakujua. Zimeandikwa na mumewe, Mok Ting-fai, mwalimu wa historia, North Point. Mei-kuen hajarudi. Makosa yote ni yangu."

Leo katika chumba cha walimu hakuna aliyecheka. Tsang alinisogezea kiti. Ningependa wacheke, ningejua pa kutazama. Mkuu wa shule ameniita Jumatatu.

Simu zimepigwa gazetini mpaka waya ukachoka. Nyingi za matusi, nyingi kwangu. Moja ilitoka kiwandani San Po Kong, wanawake wengi kwa pamoja, wakamwachia karani ujumbe: Choi-ha yuko kwa dada yake na atabaki huko, na Jumapili mume wake atawakuta wote wanane mlangoni. Mama yake ameombwa alete viti.

Nakuomba radhi, Sim. Nakuomba mimi, kwa jina langu. Kuna jambo moja sithubutu kukuuliza ana kwa ana, kwa hiyo nauliza kwa barua. Mei-kuen, mwishoni, atarudi kwa Hui?

Ting-fai


Sheung Shui, 1 Desemba

Ting-fai,

Tangazo nimelisoma kwa macho yangu mwenyewe, mwezi umekwisha. Nywele nimeosha mara tatu. Mama yako amepaka mayai rangi nyekundu kwa mwezi wa mtoto na kuyagawa nyumba zote, na anamweleza kila mpita njia kwamba mkwe wake amelishinda gazeti.

Radhi yako nimeipokea. Bado nina hasira, nitakuja nayo Jumapili pamoja na mtoto, mpokee mtoto kwanza. Mkuu wa shule akikufukuza, tutajua la kufanya, wawili.

Poon nimempelekea leo sehemu mpya, kwa mwandiko ule ule usiosomeka. Kuhusu swali lako, kama Mei-kuen atarudi kwa mumewe: nunua gazeti, kama watu wengine.

Yuet-sim